Zimwi la Ukurasa wa Kushoto

Mwenye sufuria jikoni apunguze moto, aliye kwenye daladala amwombe konda aongeze sauti kidogo, maana leo tunaongea habari ya woga. Si woga wa ada ya shule wala wa mwenye nyumba anayegonga mlango tarehe moja. Ni ule woga tunaoulipia wenyewe kwa hiari yetu: muvi za kutisha, na hadithi za kutisha zinazochorwa katuni mpaka zikawa kitabu kizima.

Siku ukiingia kibanda umiza wakati muvi ya kutisha inaendelea, kaa nyuma kabisa, uangalie migongo ya watu badala ya kioo. Mwanamke wa kwenye muvi anashuka ngazi, taa imezimika, muziki umeshuka chini. Hapo migongo yote imejikunja, na mtoto aliyekaa mbele amevuta shuka mpaka puani. Kisha zimwi linatokea. Watu wanapiga kelele mara moja, halafu wanacheka, na wengine wanaanza kutafuta karanga zao zilizomwagika. Woga ulikuwa pale kwenye ngazi. Zimwi lenyewe lilipojitokeza, kila mtu aliona kwamba ni mtu mzima aliyevaa kinyago, na baada ya hapo halitishi kuliko konda aliyekataa kurudisha chenji.

Waliokuwa wakitafsiri muvi vibandani walilijua hili vizuri. Derek Mukandala, ambaye watu walimjua zaidi kwa jina la Lufufu, na wenzake waliomfuata, hawakuishia kusema wahusika wametamka nini. Mtafsiri hodari aliongea na watazamaji, akamwonya mhusika asifungue mlango, akamsema kwa ubishi wake, akakuchelewesha makusudi. Picha ilikuwa ya Hong Kong au Marekani, lakini kule kuchelewesha kulikuwa kwetu, kwa namna ileile bibi anavyomeza mate katikati ya hadithi huku wajukuu wakimsubiri.

Filamu zetu za kutisha zilianza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 2000, filamu za video zilipoanza kushika kasi Dar es Salaam. Mussa Banzi alitoa Nsyuka, halafu akatoa Shumileta, yule jini wa kike aliyempenda binadamu. Mwaka 2009 Haji Dilunga akaja na Popobawa. Jina hilo halikuhitaji matangazo. Mwaka 1995 hofu ya popobawa, pepo wa usiku, ilianzia Pemba, ikavuka hadi Unguja, na watu wazima wakatoka vyumbani mwao wakalala nje kwa makundi, wamezunguka moto, wakiamini kwamba anayelala ndani ndiye atakayevamiwa. Mtengeneza filamu anayeanza na hofu ya namna hiyo ameshamaliza nusu ya kazi kabla hajawasha kamera.

Nazipenda filamu hizi kuliko wanavyozipenda baadhi ya wenzangu wanaojua sinema. Wao huangalia meno ya plastiki na damu yenye rangi ya juisi, wakacheka. Mimi naona kwamba walioziandika walijua pa kuchota: kwenye mambo ambayo mtazamaji alikuwa anayaogopa tangu nyumbani kwao. Pale zinapojikwaa ni kwingine. Zinaonyesha mapema mno. Nadhani naijua sababu, na ni sababu ya kibinadamu kabisa: ukishanunua meno ya bandia kwa pesa ya kukopa, utataka yaonekane.

Mmarekani George Romero alikuwa na shida hiyohiyo ya pesa alipotengeneza Night of the Living Dead mwaka 1968. Ilimgharimu kama dola 114,000, fedha kidogo sana kwa kazi ya kule kwao, na aliipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe. Wafu wake waliofufuka, wengi wao ni watu wa kawaida tu, wengine wamevaa suti, wanatembea polepole. Kinachokutoa jasho ni wale walio ndani ya nyumba, wanaogongelea mbao madirishani huku wakigombana nani ashike uongozi. Miaka 35 baadaye, mwaka 2003, Robert Kirkman na mchoraji Tony Moore wakawarudisha wafu wa aina hiyo kwenye katuni, The Walking Dead, nayo ikachorwa nyeusi na nyeupe. Ikaenda matoleo 193 mpaka mwaka 2019, na katikati ya safari, mwaka 2010, televisheni ikaichukua. Yaani sinema ilizaa katuni, katuni ikazaa tena picha ya kwenye kioo.

Njia hiyo sisi pia tuliipita. Titanic ilipotikisa dunia mwaka 1997, Joshua Amandus Mtani aliichukua ile meli akaichora kwa Kiswahili, akaiita Mkasa wa Mapenzi Ndani ya Titanic. Ambaye hakuwa na pesa ya kiingilio wala video nyumbani aliipata meli nzima kwenye karatasi. Na kabla ya hapo kulikuwa na SANI, jarida lililopata jina lake kutoka kwa Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Watu wa rika langu walilisoma chini ya dawati, mwalimu akidhani wamekazania hesabu. Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji wake mahiri kabisa, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana mdogo, lakini wahusika aliowachora waliendelea kuishi kwa mikono ya wengine. Muvi haiwezi kufanya hivyo kirahisi. Mwigizaji akifa, amekwenda na sura yake.

Sasa nisogee huku kwetu. Kuna kijana Oldonyo Sambu ambaye anachora kitabu cha kutisha. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu kitabu hakijatoka na mama yake anaamini kwamba kijana anasomea ufundi umeme. Tulikaa kwenye mgahawa kando ya barabara ya Namanga. Akanipa heshima yangu, "Shikamoo mzee," nikaitikia, akafungua bahasha kubwa ya kaki na kutoa karatasi zake moja moja, akizikandamiza kwa vikombe vya chai zisipeperuke.

Kwa msikilizaji asiyeijua Oldonyo Sambu: unatoka mjini Arusha kupitia Sakina, unaipita Ngaramtoni, na kadiri unavyozunguka kuelekea kaskazini magharibi mwa Mlima Meru, migomba inapungua, kahawa inakwisha, ardhi inakuwa ya kijivu na vumbi. Mvua nyingi huishia upande wa pili wa mlima. Huku unabaki upepo na baridi, na usiku barabara imenyooka kuelekea Longido bila taa hata moja ya kukupa moyo. Mahali pa kuogopea papo tayari. Hakuna haja ya kujenga jumba bovu la kizungu lenye buibui.

Zimwi lake amelitoa kwenye hadithi za Kimaasai. Linaitwa Konyek, zimwi la macho makubwa, na liliingia kitabuni zamani sana, kwani Alfred Hollis alichapisha hadithi yake katika The Masai mwaka 1905. Kijana amelipandisha bodaboda. Dereva ametoka Ngaramtoni usiku, njiani amesimamishwa na mtu aliyejifunika shuka, amempakia, na pikipiki inazidi kuwa nzito kila wanapopanda kilima.

Nikuelezee ukurasa mmoja tu, maana ndani yake ndiko nilikoona ufundi. Ni ukurasa wa kulia, una visanduku sita. Cha kwanza, barabara na mwanga wa taa ya pikipiki. Cha pili, kioo cha pembeni, na ndani yake shuka la abiria. Cha tatu, mkono wa dereva kwenye mafuta, umekaza mpaka mishipa imetoka. Cha nne, kioo tena: shuka lipo, lakini pale panapopaswa kuwa na kichwa ni giza. Cha tano, jicho la dereva. Cha sita, kioo kile kile, cheusi tii.

"Na zimwi liko wapi?" nikamuuliza.

"Ukurasa wa kushoto, mzee. Ukifunua tu, linakukuta."

Akanifafanulia, na ni jambo ambalo wasomaji wengi wa katuni hatulitii maanani. Ukifungua kitabu, macho yanaona kurasa mbili kwa pamoja. Kitu cha kushtukiza kikiwekwa ukurasa wa kulia, msomaji ameshakiona kwa pembe ya jicho kabla hajamaliza wa kushoto, na mshtuko umekufa. Mahali pekee pa kufichia ni nyuma ya karatasi. Kwa hiyo mchoraji wa hadithi ya kutisha hupanga kitabu chote kwa hesabu hiyo: swali liishie chini kulia, jibu lianze juu kushoto. Akiongeza ukurasa mmoja mahali popote, mazimwi yote yanayofuata yanahama upande, na lazima apange upya.

Kwenye muvi, mwongozaji ndiye anayeamua lini uone. Hata ukifumba macho, picha inapita. Kwenye kitabu, msomaji ndiye anayefunua. Kidole chako mwenyewe kimeshika ncha ya karatasi, unajua huko nyuma kuna jambo, na hakuna anayekusukuma. Unaweza kukifunga kitabu ukaenda kulala. Hufungi, unafunua. Ndiyo maana nasema mwoga wa katuni anateseka kuliko mwoga wa muvi: anajitisha kwa mkono wake.

Tena liko lile linalotokea katikati ya kisanduku na kisanduku, pale penye nafasi nyeupe. Mmarekani Scott McCloud, katika Understanding Comics ya mwaka 1993, alilionyesha kwa visanduku viwili tu. Kwenye cha kwanza mtu ameinua shoka juu ya mwenzake. Kwenye cha pili ni mji usiku na sauti ya ukelele. Shoka halikuchorwa likishuka. Anauliza nani basi aliyeua, na jibu lake ni kwamba ni wewe msomaji, ukachagua mpaka na mahali pa kupiga. Nimekifikiria kisa hicho mara nyingi, na bado sioni pa kukipinga.

Kuna pia suala la gharama. Giza kwenye filamu ni ghali. Ili usiku uonekane usiku mbele ya kamera, lazima uweke taa, jenereta, mtu wa kushika taa, na chakula cha huyo mtu. Kwenye katuni giza ni wino. Kijana wa Oldonyo Sambu anaanza kwa penseli, anaweka kwanza maneno ndani ya viputo ili ajue nafasi iliyobaki, halafu ndipo anachora watu. Akishapitisha wino anafuta penseli kwa ufutio, kisha anachukua brashi na kujaza weusi. Baadhi ya kurasa zake ni nyeusi robo tatu. Mlima Meru, wenye mita zaidi ya 4,500, anaumaliza kwa mstari mmoja uliopinda juu ya ukurasa, na kila mtu wa Arusha anaujua kwa mstari huo. Ule upepo wa kule ameuchora kwa herufi, zinaanza nene kushoto na kumalizika nyembamba kulia.

Jambo moja lilinifurahisha zaidi ya zimwi. Dereva wake wa bodaboda, ambaye ndiye shujaa, ana meno yenye madoa. Mnaofahamu maji ya ukanda ule mnajua sababu: yana madini mengi ya floraidi, na watoto wanaokua wakiyanywa hubaki na meno ya kahawia. Kwenye sinema, nyumbani na ughaibuni, meno mabovu huwekewa mchawi au jambazi ili tumjue upesi. Kijana huyu amefanya kinyume. Watu wote wema wa kijijini, meno yao ameyatia vistari vidogo vya kalamu, na zimwi ndilo lenye meno meupe pe, yamenyooka kama ya kwenye tangazo la dawa ya mswaki. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Halafu nikaacha kucheka, maana kweli lilinitisha.

Najua kuna mzazi ananisikiliza sasa hivi anayeuliza: hivi vitu haviharibu watoto? Swali hilo ni la zamani. Wamarekani walilipigia kelele mwaka 1954. Daktari Fredric Wertham aliandika kitabu akizilaumu katuni, Seneti ikafanya vikao, na wachapishaji wakajiwekea kanuni zilizokataza hata neno linalomaanisha kitisho lisiwe jina la jarida. Majarida ya kutisha kama Tales from the Crypt yakafa. Huku kwetu filamu hukaguliwa na kupangiwa umri na Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976, na kwangu hilo ni sawa: mtoto mdogo hana kazi na muvi ya watu kukatwakatwa saa nne usiku. Lakini tusijifanye kwamba woga umeletwa na wachoraji. Mtoto wa Kimeru, wa Kiarusha au wa Kimaasai alishasikia habari za zimwi linalomeza watu kabla hajajua kufunga vifungo vya shati, na aliyemsimulia ni mtu anayempenda kuliko wote.

Kinachonishughulisha ni kingine. Tulipokuwa tunamaliza chai nilimwuliza kijana kwa nini anahangaika na mazimwi, wakati ukanda wetu una kisa cha kutisha ambacho hakihitaji kuongezewa chumvi. Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, kwenye miteremko ya Meru. Wajerumani walilipiza kisasi, wakiongozwa na Kapteni Kurt Johannes; nyumba zikachomwa, mifugo ikachukuliwa. Tarehe 2 Machi 1900, huko Old Moshi, walinyongwa viongozi 19 kwa siku moja: Mangi Meli wa Moshi, na pamoja naye viongozi wa sehemu nyingine za Kilimanjaro, wa Meru na wa Arusha. Kichwa cha Mangi Meli kinasemekana kilipelekwa Ujerumani, na mjukuu wake, Isaria Meli, alikitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 taasisi moja ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyahusisha baadhi ya mafuvu yaliyoko kule na familia zilizo hai hapa kwetu. Boma lililojengwa na Wajerumani Arusha wakati uleule wa kunyongwa kwa viongozi bado limesimama, leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na watoto wa shule huingia humo kutazama wanyama.

Hiki ni kisa cha kuchorwa. Filamu yake ingehitaji mamia ya watu, mavazi ya kale, farasi na bunduki za mwaka 1900, na hatari yake ni kwamba ingetaka kutuonyesha kila kitu: kamba, miguu, kichwa. Hollywood ilipokuja Meru kupiga Hatari!, ile ya John Wayne iliyotoka mwaka 1962, ilikuja kukimbiza vifaru. Habari za Akeri hazikuwahusu, na sidhani kama zitawahusu kesho. Mchoraji anaweza kuchora mti, kivuli cha mti, na umati umegeuzia mti ule migongo. Akaacha nafasi nyeupe. Mjukuu wa mtu aliyenyongwa anaweza kukisoma kitabu cha namna hiyo bila kuvunjiwa heshima ya marehemu wake, na bila kudanganywa kwamba haikuwa mbaya hivyo.

Kijana akasema, "Ninakiogopa hicho, mzee." Nikamwambia basi ndicho chake. Akasema kwanza amalize bodaboda, na nikamwona ana haki.

Kazi ya bodaboda yenyewe imekwama kwa mpiga chapa. Kitabu kina kurasa 70. Fundi wa mashine akamwambia karatasi kubwa moja ikikunjwa inatoa kurasa 16, kwa hiyo kitabu kinakwenda kwa hatua hizo: 64 au 80, na akitaka 70 atalipia karatasi tupu. Kuongeza kurasa kumi hana pesa. Akakaa na karatasi zake usiku kucha akitafuta kurasa sita za kutoa, kwa jozi, ili yale ya kushoto yabaki kushoto. Alizopata kuzitoa bila hadithi kutetereka ni zile zote zinazoonyesha sura ya Konyek. Yamebaki yale meno meupe, kwenye kisanduku kimoja, ukurasa wa 58.